Bega la Ishimwe

Watoto wawili wa kwanza, Zaina Umutoni aliwazaa kama mtu anayepiga chafya. Hivyo ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe, akicheka, huku mguu wake ukikanyaga cherehani barazani kwao, mtaani Niboye. Kwa hiyo mimba ya tatu ilipokua hadi tumbo likagusa meza ya cherehani, hakuna aliyetia shaka. Mama mkwe wake, Nyirarukundo, alilipapasa akasema, "Huyu dume, mashallah," na wapita njia wakaitikia.

Uchungu ulimshika asubuhi. Hospitalini alipokewa na mkunga aitwaye Générose, mwanamke mpole aliyekulia Bujumbura, mwenye kuongea polepole kama anayebembeleza. Alimpima akasema njia imefunguka vizuri. Adhuhuri Zaina akasukuma, kichwa kikatoka.

Kisha kikarudi nyuma. Hakikurudi chote, lakini mashavu ya mtoto yalibana kwenye mwili wa mama yakajikunja, wala hayakusogea tena.

Zaina hakuliona hilo. Alichosikia ni ile sauti ya kubembeleza ikigeuka ghafla kuwa ya mtu mwingine.

"Acha kusukuma! Njooni, njooni wote!"

Chumba kikajaa. Watu wawili walimshika miguu wakaikunja mpaka magoti yakagusa matiti. Mwingine akapanda kistuli, akaweka viganja juu ya kinena chake na kubonyeza kwa uzito wote. Waliitana wao kwa wao, kwa Kinyarwanda na Kifaransa, huku Zaina akitazama dari, macho yamemtoka.

"Nilijua wananiua," anasema leo. "Nilidhani wameshaamua nani abaki kati yangu na mtoto, na hakuna aliyeniuliza."

"Mgeuzeni! Apige magoti!" Générose alisema.

Wakamgeuza kwa magoti na mikono kama anayefuta sakafu. Mkono wa mkunga ukaingia kutafuta mkono wa mtoto uliokuwa upande wa mgongo wa mama, na maumivu yakawa ya aina ambayo Zaina hajayapatia jina hadi sasa. Mtoto akatoka.

Hakulia. Alikuwa wa kijivu, mzito, amelegea kama nguo iliyolowa. Walimkimbiza kwenye meza ya pembeni wakaanza kumpa hewa kwa mfuko. Huku nyuma damu ilikuwa ikimtoka mama kwa kasi, na Générose, bila hata kuinua uso, alimchoma sindano pajani na kuusugua mji wa uzazi kwa nguvu. Damu ilikuwa imeanza kupungua kiliposikika kilio, chembamba na cha kukwaruza, kama cha paka.

Ilyasi, mumewe, alipoingia alifunua kitenge amwone mwanawe. Mkono wa kushoto ulirusharusha vidole. Wa kulia ulilala ubavuni, kiganja kimegeukia nyuma. Aliuinua, ukaanguka.

"Hii mkono iko namna gani?" Sauti ilimpanda. "Mmevunja mtoto wangu?"

"Mfupa haujavunjika, baba," Générose alijibu. "Bega lilipokwama, mishipa ya fahamu ya shingoni ilivutika. Mara nyingi inapona. Lakini siwezi kukuahidi."

Ilyasi alikuwa na matusi tayari mdomoni. Akaona mkunga, aliyekwisha kuvua glavu, anashindwa mara ya pili kufunga bomba la maji. Akasogea akalifunga yeye.

Mtoto akaitwa Ishimwe. Majirani walikuja na uji na pongezi, na Zaina akawajibu "Alhamdulillah" tu. Alimnyonyesha huku akitazama ukuta. Mlango ukibamizwa, alikumbatia tumbo lake. Nyirarukundo ndiye aliyempeleka mtoto kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akajifunza kuukunja na kuunyosha ule mkono bila kuulazimisha. Kitu cha kwanza ambacho Zaina alifanya kwa hiari yake kilikuwa kukaa kwenye cherehani na kushona vishati vinavyofunguka begani, ili mkono usivutwe wakati wa kumvisha.

Siku aliyorudi hospitalini kukaguliwa kidonda alichoshonwa baada ya kujifungua, alikutana na Générose kwenye korido.

"Umepona, mama?"

"Kidonda kimepona. Lakini siku ile mlinifanya nini?"

Générose akamwongoza kwenye chumba wanachofanyia mazoezi wakunga. Mezani palikuwa na nyonga ya plastiki na mwanasesere wa kitambaa. Alimpitisha yule mwanasesere taratibu. Kichwa kikatoka, bega likajipachika nyuma ya mfupa wa mbele, likagoma.

Zaina aligusa mahali pale kwa kidole. "Ya Rabbi. Na alikuwa anapumua?"

"Hapana. Kitovu kilikuwa kimebanwa. Tulikuwa na dakika chache tu kabla hajatutoka."

Zaina alikaa sakafuni, akalia kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Alipotulia alisema, "Mngeniambia neno moja tu. Bega. Ningeikunja miguu mwenyewe."

Générose akakaa naye palepale chini. "Nilishikwa na hofu, nikakusahau wewe. Utakubali kuja kuwaambia wenzangu maneno hayo?"

Alikubali. Siku ya mazoezi alilala kitandani akajifanya mzazi, mwanasesere chini ya kitenge. Mkunga mpya, kijana aitwaye Kamanzi, aliingia mbio akashika goti lake.

"Ngoja," Zaina alimwambia. "Mimi naitwa nani?"

Kamanzi aliliachia goti, akamtazama usoni.

"Zaina," akasema.

"Haya. Nieleze, Zaina anafanywa nini."

Ishimwe sasa anakunja kiwiko na kushika kijiko. Kuuinua mkono juu ya bega bado hawezi, na daktari hajui kama ataweza. Zaina naye, akiulizwa na wanawake wa mtaani kuhusu mtoto wa nne, hubadilisha mazungumzo.