Feliks Gorzelak na Nyumbu Aliyekatwa

Nimechoka kusikia kwamba shemeji yangu Feliks Gorzelak alikuwa mjinga. Hapa Detroit wamemgeuza kichekesho cha baa: Mpolandi mmoja wa karakana aliambiwa akate gari bovu, akakata zuri, eti kwa sababu Kiingereza kilimpita pembeni. Mimi nilikuwepo. Viti vya magari yote mawili nilivishona mimi, na nitasema nilichokiona. Anayetaka kununa na anune.

Tuanze na hicho Kiingereza. Feliks alizaliwa Hamtramck, mtaani kwetu, nyuma ya duka la soseji la baba yake. Shule alisoma kwa Kiingereza, ndoto aliota kwa Kiingereza, na waamuzi wa besiboli aliwatukana kwa Kiingereza cha kumfanya mkewe, dada yangu Jadwiga, awazibe watoto masikio. Kipolandi kilikuwa cha kusalia. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga mabati ya paa la kanisa letu, na tangu hapo nyundo haikumtoka mkononi. Wakati wa vita aligonga mabati ya mabawa ya ndege za kivita hadi sikio la kushoto likafa kwa kelele. Vita vilipoisha akachukuliwa na kiwanda cha magari, kwenye karakana ya majaribio, tulikokuwa tukiunda gari moja moja kwa mikono.

Miaka ile wakubwa walishikwa na homa ya mashindano. Walitaka gari la mbio la Kimarekani, la kuwafunga mdomo Wataliano. Kwetu gari la namna hiyo huundwa mara mbili. La kwanza huitwa nyumbu, kama yule mnyama wa mizigo aliyezaliwa na punda na farasi, kwa sababu ni la kuteswa: linapigwa kiraka, linatobolewa, linakimbizwa mpaka lifie njiani, wahandisi wapate kujifunza. La pili ndilo bibi harusi, ndilo litakaloonekana na watu.

Nyumbu wetu alikuwa na bodi ya faibaglasi iliyopinda kama sanduku lililonyeshewa. Bibi harusi alikuwa wa alumini tupu, na alumini ile yote ilipita chini ya nyundo ya Feliks, juu ya mfuko wa mchanga, kipupwe kizima. Sijawahi kumwona mwanamume mwenye furaha kama ile. Siku ya familia alimleta Jadwiga aone, akawa anaupapasa ubavu wa gari huku akieleza. Jadwiga akamwambia, "Mimi hujanishika hivyo tangu harusi." Karakana nzima ilicheka, na yeye akawa mwekundu hadi shingoni.

Aliyewaendesha wote wawili alikuwa Harlan Tibbs, makanika na dereva kutoka milima ya Tennessee, mtu mrefu, mpole, tuliyemfundisha kula soseji kwa kabichi chachu. Nyumbu alikimbia vizuri ajabu. Bomba la moshi lilipita karibu na miguu ya dereva, kwa hiyo mhandisi wetu alikuwa amemtoboa matundu puani na milangoni ili hewa iingie. Akaagiza bibi harusi atobolewe vilevile, na Feliks akatoboa.

Ndipo akaja Bwana Thayer, mkuu wa maumbo, yule aliyeamua magari yaonekaneje. Alisema matundu yale yanafanana na ndui, na wapiga picha wanakuja. Yazibwe. Mhandisi alibisha hadi sauti ikamkauka. Alimwambia wazi kwamba dereva ataungua. Thayer akajibu kwamba Tibbs analipwa kuendesha, si kustarehe. Feliks akapewa amri mbele yetu sote, akachomelea vipande na kuvisugua mpaka usingejua palikuwa na tundu. Jioni ile hakula.

Mashindano yalikuwa Florida, kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Gari halikumaliza hata robo ya safari. Walimtoa Tibbs kwa kumbeba, na buti zilivuliwa kwa mkasi pamoja na ngozi. Na Thayer, mwenye leso yake mfukoni, akawaambia waandishi kwamba gari lilikuwa safi, dereva ndiye aliyekosa moyo. Hilo nitakufa nalo kooni.

Walipomrudisha Tibbs hospitali ya huku, mimi na Feliks tulikwenda kumwona. Miguu yake ilikuwa imefungwa bandeji hadi magotini. Jambo la kwanza aliuliza, nyumbu yuko salama? Feliks akasema yupo karakana.

"Basi majina mmeyakosea," Tibbs akasema. "Nyumbu ni huyu mrembo wenu. Ndiye anayempiga bwana wake teke."

Mimi nilicheka. Feliks hakucheka. Lakini Jumatatu alilibeba neno hilo hadi karakana, na wiki haikuisha kabla kila mtu hajaanza kumwita yule mzuri Nyumbu, na yule wa viraka Malkia. Kila mtu, isipokuwa Thayer, ambaye hakuwahi kukaa nasi hata kwa kikombe cha kahawa.

Halafu makampuni ya magari yakakubaliana kuacha mbio. Amri ikashuka: gari moja libaki kwa maonyesho, la pili likatwe. Thayer alisimama mlangoni, hakuingia kwa sababu ya vumbi na viatu vyake.

"Gorzelak, mkate nyumbu. Nikitoka kula nisimwone."

Akaenda zake. Feliks akachukua msumeno, akampita Malkia bila kumtazama. Nikamkimbilia mbele.

"Shem, unajua kabisa anamaanisha yupi."

"Nimesikia alichosema."

"Hii si kazi yako mwenyewe? Mikono yako hii?"

Aliweka kiganja juu ya mlango, mahali palipo laini kuliko kote. "Ndiyo. Na hapa ndipo nilipoziba."

Akaanzia hapohapo. Alikata huku analia, na mimi nikasimama namshikia bati lisitetemeke.

Thayer aliporudi, alipiga kelele ambazo hata sikio bovu lingezisikia. Feliks akamgeuzia sikio hilo bovu, akaongea kama babu yake siku aliyoshuka melini.

"Bosi sema kata nyumbu. Mimi kata nyumbu. Nyumbu gani, bosi hapana sema."

Mtu huyo alikuwa amemsikia Feliks akizungumza Kiingereza miaka na miaka, na bado aliamini. Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Aliamini upesi, kwa raha, kwa sababu hivyo ndivyo alivyotaka tuwe. Akasema, "Mpolandi mjinga," akamfukuza kazi, na kichekesho kikazaliwa.

Malkia aliachwa pembeni chini ya turubai, maana Thayer aliona aibu kumwonyesha. Mhandisi alipoacha kazi aliondoka naye kimyakimya, na baadaye Tibbs, akichechemea, alishinda mbio naye huko Wisconsin. Feliks alirudi kwenye mabati ya paa. Nilimsihi aseme ukweli, akakataa. Ingejulikana alikusudia, wangeuliza Malkia yuko wapi na nani kamchukua. "Mjinga hachunguzwi, Ludwika," aliniambia.

Tulimzika mwaka jana. Kwenye chakula cha msiba, kijana mmoja wa parokiani akaanza kile kichekesho cha Mpolandi na gari, hajui ni cha marehemu. Kabla sijamrushia sahani, Tibbs aliinuka na fimbo yake. Akakaa mbele ya kijana, akavua kiatu, akavua soksi, akauweka mguu, wote makovu ya kuungua, mezani kati ya mikate.

"Utazame vizuri," akamwambia. "Halafu endelea na kichekesho chako."

Kijana aliutazama, akainamisha kichwa. Jadwiga akaenda kuleta maji ya moto, akamwosha mzee mguu, kisha akamvisha soksi yake.