Darasa la Mashoto

Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa kwenda sekondari, na mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa, kule upande wa Ulaya, ile ya Kilosa, si ya Wazungu, akaona nisikae bure. Kisomo cha watu wazima kilikuwa kimepamba moto. Wanafunzi tulikuwa nao tele, mwalimu ndiye hakuwepo. Jioni moja mwenyekiti akaja nyumbani, akamwambia bibi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, "Mjukuu wako ataanza kufundisha Jumatatu."

Bibi akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Amfundishe nani, huyu?"

"Akufundishe wewe," mwenyekiti akajibu.

Darasa letu lilikuwa banda la kukusanyia pamba. Shida ya kwanza ilikuwa salamu. Shuleni nilizoea kwamba mwalimu akiingia, wanafunzi husimama na kumwamkia. Mimi niliingia nikakuta wanafunzi wangu wote ni wa kuamkiwa. Nikaanza mstari wa mbele: shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, hadi nyuma kabisa, na kila mmoja alitaka kujua bibi yangu ameamkaje, ingawa bibi mwenyewe alikuwa amekaa pale pale akisikia. Siku ya kwanza tuliishia kwenye salamu na herufi moja.

Herufi hiyo niliiandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, kwa sababu mimi ni mashoto tangu kuzaliwa. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza alijaribu kunihamishia mkono wa kulia akachoka. Bibi yeye hakuchoka. Kwenye sinia alikuwa akinipiga kofi la mkono kila uliponyanyuka ule usiotakiwa, mpaka nikajifunza kula kwa kulia kama watu. Kwenye kuandika hakuingilia, maana mambo ya kalamu yalikuwa ya shule, na shule ina mila zake.

Wanafunzi wangu walikuwa watu wa bidii sana, na watu wa bidii huiga kila kitu. Nilisema, "Shikeni penseli kama mimi," wakashika kama mimi. Wiki zikapita. Nilikuwa natembea katikati ya mistari, naona mikono ya kushoto imeinama juu ya madaftari, na sikuona kasoro yoyote. Kwangu mimi hilo lilikuwa darasa lililokaa vizuri kuliko yote niliyowahi kuyaona.

Nililoliona ni ugumu wa mikono yenyewe. Walishika penseli kama mpini wa jembe. Walikuwa wakiandika kwa mwili mzima: meno yameumana, mabega yamepanda masikioni, ulimi umechungulia nje. Mzee mmoja, aliyewahi kufanya kazi ya reli Kilosa, alikandamiza herufi "k" mpaka ikatokea kurasa tatu mbele. Jirani yake alilazimika kuishika meza isitembee.

Nikaenda kwa mganga wa zahanati kuomba ushauri. Akaahidi kuja kwenye somo la afya, na akaja, akiwa na mguu wa kuku mbichi mfukoni.

"Wekeni penseli chini," akasema. "Kila mtu ajishike mkono hapa, chini ya kiwiko. Sasa chezesheni vidole."

Banda zima likaguna. Nyama ya mkono ilikuwa inacheza chini ya ngozi.

"Kazi kubwa ya vidole inafanyikia huku juu," mganga akasema. "Misuli ndiyo inayovuta, na vidole vinafuata." Akautoa ule mguu wa kuku, akaushika uzi mweupe uliochomoza pale ulipokatwa, akauvuta. Makucha yakajikunja. Mama mmoja akapiga ukelele. Akauachia, akavuta uzi wa upande wa pili, makucha yakafunguka. "Mmoja unakunja, mwenzake unakunjua. Mmoja ukivuta, mwenzake unalegea kidogo. Ikivuta yote miwili kwa nguvu, mkono unakauka kama ukuni. Ndivyo mnavyoandika ninyi."

"Kama wake wenza na mwiko mmoja," bibi akasema.

Watu wakaangua kicheko, isipokuwa mzee wa reli, aliyekuwa na wake wawili.

Tangu siku hiyo kila kipindi kilianza kwa kukunja na kukunjua vidole, na kweli mikono ikaanza kulegea. Mwezi uliofuata ofisa wa elimu ya watu wazima akaja kutoka Kilosa kutukagua. Alisimama mlangoni, akatazama mstari wa kwanza, akatazama wa pili, akavua miwani akaifuta.

"Mwalimu," akaniita kwa sauti ya chini, "mikono ya kulia ya watu hawa imepatwa na nini?"

Hapo ndipo nilipoona. Bibi akainuka.

"Haijapatwa na kitu, bwana. Mkono wa kulia ni wa kula. Wa penseli ni huu. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Na vumbi la penseli haliingii kwenye ugali," mzee wa reli akaongeza. "Tumeona ni utaratibu mzuri."

Ofisa akauma mdomo, nadhani ili asicheke mbele ya wazee. Akaniuliza ni nani humu aliye mashoto kweli. Sikujua. Basi akatutoa wote nje, akaonyesha kichuguu kando ya shamba la kijiji, akasema kila mtu aokote jiwe akirushie kama anavyofukuza nyani kwenye mahindi, bila kufikiri. Mkono utakaorusha, huo ndio wa kuandikia.

Sijaona tena mtihani wa namna ile. Watu wazima wenye wajukuu walipanga foleni, wakarusha mawe, na waliokosa wakadai kurudia. Mmoja baada ya mwingine walirusha kwa kulia. Zamu ya bibi ikafika. Akajifunga kanga kiunoni, akaokota jiwe kwa mkono wa kushoto, akalivurumisha. Likapiga kichuguu katikati, vumbi likaruka.

Nikamtazama. Yale makofi yote ya kwenye sinia yalinijia mkononi kwa pamoja.

"Usiniangalie hivyo," akasema. "Na mimi nilipigwa na bibi yangu."

Ofisa hakunifukuza kazi. Aliagiza tu kwamba bibi abaki na mkono wake na wengine wahamie kulia. Wengi walihama bila taabu, hata wakashangaa jinsi herufi zilivyokuja zenyewe. Mzee wa reli peke yake ndiye aliyepatwa na jambo: mkono wa kulia ulikubali kuandika, lakini kinyumenyume. Alianzia kulia akaelekea kushoto, kila herufi imegeuza uso, safi na imenyooka kuliko alizowahi kuandika.

"Mzee, umegeuza," nikamwambia.

"Sijageuza mimi. Mkono ndio unavyotaka. Mganga si alisema tusiulazimishe?"

Akamwandikia mwanawe barua hivyo hivyo. Kijana huyo alikuwa akifanya kazi nyumba ya wageni Mikumi, barabarani, na mzee alitaka amletee blanketi kabla ya baridi. Nilijitolea kuinakili upya. Akanikatalia katakata: barua ni yake, mtoto ni wake.

Siku chache baadaye utingo wa lori lililopita Mikumi akatuletea habari. Kijana aliigeuza barua juu chini, akaipeleka kwa shehe akidhani ni Kiarabu, shehe akamrudishia. Ndipo dereva mmoja, aliyekuwa akinyoa ndevu kwenye kioo cha pembeni cha lori lake, alipoiona karatasi ya kijana kiooni nyuma ya bega lake akaanza kuisoma kwa sauti: "Mwanangu mpendwa, mimi baba yako sasa najua kuandika."

Blanketi lilifika wiki iliyofuata. Mzee wa reli alikuja nalo darasani mchana, amejifunika mpaka shingoni, jua la Ulaya linapasua mawe na jasho linamtiririka, ili asiwepo mtu wa kusema barua yake haikusomeka.