Maganda Yaliyong'aa Kupita Kibali

Mwikwabe Nyamburi alikaa jeshini miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwelekezea mtu bunduki. Kazi yake ilikuwa ghalani: kupokea, kuhesabu, kufuta, kupaka mafuta, kurudisha rafuni. Wenzake wakisimuliana habari za mafunzo ya porini, yeye alisimulia habari za vitambaa. Alijua kipi kinaacha nyuzi na kipi hakiachi. Alipostaafu na kurudi Bunda kwa mkewe Lilian, wiki ya kwanza alisugua vitasa vya milango. Wiki ya pili akasugua mifuniko ya sufuria. Wiki ya tatu Lilian alimkuta ameinama uani, anaing'arisha kengele ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe bado ameivaa.

"Baba Masatu," Lilian akamwambia, "tafuta kazi. Ukikaa hapa mwezi mwingine utanisugua na mimi."

Kazi ilipatikana. Huko upande wa Mugeta, chini ya kilima, kulikuwa na klabu ya kulenga shabaha yenye wanachama tisa, kibanda cha tofali na mlango wa chuma. Mwenyekiti alikuwa Hamduni, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Bunda, mtu wa sauti kubwa aliyefumba macho yote mawili kila alipofyatua. Katibu alikuwa Mwalimu Tabitha, mstaafu wa hesabu, mwanamke mfupi wa miwani minene, ambaye hakuwahi kukosa shabaha wala kutoa maoni marefu. Walimpa Mwikwabe funguo za ghala, naye akalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu astaafu.

Sasa klabu hii ilikuwa imeomba kibali miaka minne. Risasi mpya zilichelewa sana kufika, na wanachama walitaka ruhusa ya kuyajaza upya maganda ya zile zilizokwisha kupigwa. Jibu likaja siku moja, karatasi moja yenye mihuri mitatu: kibali kitatolewa baada ya afisa kufika na kukagua maganda "yaliyotumika, yakiwa yamesafishwa kwa kifaa stahiki". Afisa angefika baada ya mwezi.

"Kifaa stahiki ndiyo kipi?" Hamduni akauliza kikaoni.

Mwalimu Tabitha alikuwa ameshasoma. Akasema vipo vya aina tatu. Kuna bakuli linalotetemeka, unatia maganda pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, yanasuguana mpaka yanatakata. Kuna pipa linalozunguka, lenye maji, sabuni na vijisindano vya chuma. Na kuna beseni la mawimbi ya sauti, linalotikisa maji kwa mlio usiosikika mpaka uchafu unaachia wenyewe.

"Mlio usiosikika tutajuaje kama upo?" akauliza Hamduni.

Wakaamua kwamba kabla ya kuagiza chochote, Mwikwabe azijaribu njia zote tatu kwa mashine zinazopatikana papa hapa Mara, kisha aandike ripoti. Mwikwabe alisimama wima kupokea agizo hilo. Miaka ishirini na sita alisafisha kwa kitambaa alichopewa. Hakuna aliyewahi kumuuliza yeye angependa kitambaa gani.

Alianza na kutetemeka. Hamduni alikuwa na mashine ya kushindilia udongo, ile bapa inayorukaruka, ambayo wakati huo ilikuwa Nyamuswa kwa kazi ya kibarabara. Mwikwabe akapanda basi na ndoo yake yenye mfuniko na maganda mia moja. Kwanza alitafuta magunzi. Alimkuta bibi mmoja anayakusanya nyuma ya nyumba.

"Unafugaga nini, mwanangu, kinachokula magunzi?" bibi akamuuliza.

"Nayataka kwa ajili ya maganda, mama."

Bibi alimtazama kwa huruma, akamwongezea debe zima bila kudai kitu.

Mwikwabe aliyatwanga magunzi, akayachanganya na maganda ndani ya ndoo, akaifunga ndoo juu ya ile mashine kwa mipira ya kufungia mizigo ya bodaboda, mizunguko sita, fundo la kijeshi. Akaiwasha. Ndoo ikatetemeka vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba mashine ya kushindilia haikuumbwa kusimama. Ilianza kwenda. Mwikwabe akaishika mpini, lakini hakutaka kuizima, maana Mwalimu Tabitha alikuwa amesema itetemeke kwa muda wa saa mbili kamili, na yeye ni mtu wa kufuata maelekezo. Basi akaenda nayo. Ilimpeleka hadi mwisho wa kibarabara, akaigeuza, ikampeleka kwenye uwanja wa soko, ikapita katikati ya wauza nyanya waliokuwa wakinyanyua mafungu yao mmoja mmoja kumpisha, kwa adabu, kama wanaopisha msafara wa mkubwa fulani. Ng'ombe walisogea. Watu wakaanza kumfuata. Mtu alipouliza ni nini kile, mwingine akajibu, "Ni serikali."

Saa mbili zilipotimia alizima mashine, akafungua ndoo. Maganda yalikuwa yametakata nje, lakini ndani yalijaa unga wa magunzi. Nyuma yake kulikuwa na njia iliyoshindiliwa, pana kama mkeka na ngumu kama sakafu, kutoka barabarani mpaka kwenye machinjio. Mwenyekiti wa kitongoji alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, tuliiombaga hii njia tangu mwaka juzi. Utarudi lini umalizie upande wa kisima?"

Mwikwabe aliandika katika daftari: *Kutetemeka. Nje safi. Ndani siyo. Njia ya machinjio imekamilika.*

Jaribio la pili lilifanyika Bunda, kanisani, ambako mafundi walikuwa wakijenga mnara na walikuwa na mashine ya zege. Mchungaji alikubali itumike wakati mafundi wanakula mchana, mradi maganda yasizunguke siku ya ibada. Mwikwabe aliosha lile pipa mara nne. Akatia maji, sabuni, maji ya ndimu na misumari midogo ya viatu badala ya vijisindano. Kelele zilizotoka humo ziliwatoa wanakwaya mazoezini. Lakini pipa la zege linaficha mambo yake kwenye kona, na saruji iliyokuwa imejificha iliamka kwa yale maji. Maganda yalitoka ya kijivu, mazito, na kufika jioni sitini kati yake yalikuwa yameganda ndani, kila moja na zege yake.

Fundi mkuu aliligonga moja kwa nyundo, akalisikiliza. "Mchanganyiko mzuri huu," akasema kwa heshima. "Uliweka ndimu?"

Mwikwabe hakula usiku ule. Lilian alimwona ameyapanga yale sitini mezani, ameyainamia kama mtu aliyefiwa.

"Ni shaba tu, Baba Masatu."

"Yalikuja kwangu yakiwa mazima," akasema.

Ikabaki njia ya tatu. Mwalimu Tabitha alikumbuka kwamba Sabiha, sonara wa Musoma mjini, alikuwa na beseni dogo la mawimbi la kusafishia pete. Mwikwabe alifika dukani asubuhi, amevaa koti, maganda mia moja mengine yamefungwa kwenye leso.

"Karibu, mzee wangu," Sabiha akasema, akiifungua leso. "Haya ni ya nini?"

Mwikwabe alimweleza habari yote, tangu barua mpaka zege, na akamwonyesha nakala ya barua na kitambulisho cha klabu. Sabiha alikuwa mtu wa kazi, hakucheka. Alichukua ganda moja, akaligeuzageuza chini ya taa. "Kitako kina kitu kimeziba. Uchafu utabaki hapo."

"Hiyo ni fataki iliyopigwa, ile inayowasha baruti. Nikiiondoa?"

"Ukiiondoa patatakata mpaka ndani."

Mwikwabe alikuwa na kifaa chake mfukoni. Alikaa kwenye kigoda pembeni, akaziondoa fataki kuukuu moja moja, hizo zenye kijishimo katikati ambapo pini ya bunduki hugonga. Sabiha akayatumbukiza maganda katika maji yake ya dawa, akabonyeza swichi. Hakukusikika chochote, ila mawingu meusi yalianza kupanda kutoka ndani ya maganda, kimya kimya, kama yanavuta sigara chini ya maji. Mwikwabe alikaribia mpaka miwani yake ikagusa beseni.

Yalipotoka, duka zima liliwaka. Mama mmoja aliyekuja kumchagulia binti yake vitu vya harusi alisahau mikufu iliyokuwa mkononi.

"Dada Sabiha, hivi virefu navyo ni vya wapi? Nitengenezee hereni."

"Ni mali ya ghala, mama," Mwikwabe akamjibu haraka, akiyafunika kwa mikono.

"Basi nitungie mkufu wa kumi tu."

"Mama, ni maganda ya risasi."

Yule mama aliyatazama tena, akafikiri. "Na vikuku je?"

Ripoti ilikuwa na mstari mmoja: *Tununue beseni.* Wakanunua. Mwikwabe akayasafisha maganda yote ya klabu, akayapanga kwenye kitambaa cheusi mezani kibandani, na siku ya ukaguzi akavaa medali zake.

Afisa Mihayo alikuwa kijana mtaratibu mwenye kalamu tatu. Aliinama juu ya meza, akanyanyua ganda, akaliangalia, akalirudisha. Akanyanyua lingine.

"Haya ni mapya," akasema.

"Yametumika, mheshimiwa," akasema Mwikwabe. "Yamesafishwa."

"Kilichotumika haking'ai hivi. Alama ya pini iko wapi?"

"Iko kwenye fataki. Nimeziondoa ili kitako kitakate."

"Kwa hiyo umeondoa ushahidi."

Hamduni alianza kupaza sauti. Afisa Mihayo aliinua kalamu. Hakuwa mtu mbaya. Alifungua faili, akawaonyesha: kibali ni cha maganda yaliyotumika, maganda mapya ni kifungu kingine, chenye fomu nyingine na miaka yake mingine ya kusubiri. "Mimi mwenyewe nawaamini," akasema. "Lakini faili halijui kuamini. Nitarudi baada ya wiki mbili. Nileteeni maganda masafi yenye dalili za uchafu."

Akanywa chai, akaaga vizuri, akaondoka.

Kikao cha dharura kilifanyika hapo hapo. "Basi tutafute kifaa stahiki cha kuchafua," akasema Mwalimu Tabitha, na katika maisha ya klabu ile hayo ndiyo yalikuwa maoni yake marefu kuliko yote.

Kazi akapewa Mwikwabe, maana ndiye aliyekuwa na uzoefu wa majaribio. Aliipokea wima. Alifungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika: *Tope la ziwa. Mafuta machafu ya gari. Moshi.* Tope lilidondoka likikauka. Mafuta machafu yalifanya kazi vizuri sana, ila baada ya kuyapaka maganda ishirini alikwenda kunawa, na aliporudi mezani Lilian alimwona anayafuta tena yote ishirini, macho yake yako dirishani, mikono ikienda yenyewe.

"Baba Masatu, unafanya nini?"

Akaangalia chini, akashtuka. "Sijui."

Alijaribu siku tatu. Kila alichokichafua asubuhi kilikuwa safi ifikapo mchana, na hakukumbuka kukigusa. Siku ya nne alikaa kwenye kigoda cha jikoni, akamwambia mkewe kwamba anajiuzulu, kwamba atawaandikia klabu barua, kwamba mtu akishindwa agizo rahisi hivyo afadhali arudishe funguo.

Lilian alikuwa mzaliwa wa Murangi, kando ya ziwa, kwa watu wanaobanika samaki. Siku hiyo alikuwa na furu wabichi wengi, anawapanga juu ya wavu, moshi wa kuni mbichi unaanza kupanda. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho.

"Yako mangapi?" akauliza.

"Mia mbili arobaini."

"Lete. Halafu utoke nje, ukae ukiangalia barabarani. Usigeuke mpaka nikuite."

Mwikwabe aliyaleta, akatoka. Lilian aliyapanga maganda katikati ya furu, akafunika kwa bati. Mumewe alikaa nje saa nzima, amefumbata mikono kwapani, jasho linamtoka.

Yalitoka ya rangi ya kahawia iliyokolea, kila moja na masizi mdomoni, utadhani limetoka kwenye bunduki dakika ile. Lilian aliyafunga kwenye mfuko na kuukalia mpaka siku ya ukaguzi, ili mumewe asiyafikie.

Afisa Mihayo alirudi kwa saa yake ile ile. Safari hii alichukua ganda moja tu. Aliliangalia, akalisogeza puani, akavuta pumzi ndefu, akafumba macho.

"Ndiyo," akasema. "Hii ndiyo harufu ya baruti."

Hamduni alikohoa mpaka akatoka nje. Mwalimu Tabitha aliinama kufunga kamba za viatu visivyokuwa na kamba. Mwikwabe alisimama wima, medali zake kifuani, akimwangalia afisa akigonga mhuri, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Afisa akatia ganda moja kwenye bahasha, la kumbukumbu, akalibana katika faili. Inasemekana faili lile lilitafutwa sana na paka wa ofisini.

Maganda yaliyobaki Mwikwabe aliyarudisha kwenye beseni alasiri ile ile, kabla gari la afisa halijafika lami. Aliyaweka mara mbili, kisha mara ya tatu kwa ajili ya harufu.

Kibali huhuishwa kila mwaka, na kila mwaka ukaguzi unafanyika. Kwa hiyo ghalani Mugeta sasa kuna masanduku mawili, yameandikwa kwa mwandiko wa Mwikwabe ulionyooka kama gwaride: moja SAFI, na lingine SAFI KWA AJILI YA OFISI. Lilian ameingizwa kwenye kumbukumbu za klabu kama mtaalamu mshauri. Wiki ya ukaguzi ikifika, mumewe humpelekea sanduku la pili mwenyewe, hulitua mlangoni mwa jiko bila kulitazama, halafu hubeba kiti chake mpaka kando ya barabara na kukaa huko, akihesabu bodaboda, mpaka aitwe kula.