Taa Isiyopepesa

Nyumbani kwetu Garsen mgeni hupewa maji, kisha chai ya maziwa, kisha nenosiri la waifai. Hilo la tatu mama aliliongeza mwenyewe. Amelikariri, na hulitamka herufi moja moja huku mgeni akibonyeza simu yake.

Mchana ule nilikuwa sokoni nikichagua vitunguu mama aliponipigia kuniambia niongeze nyama. Tumepata mgeni kutoka Ozi, shemeji yake jirani yetu, yule mjane fundi cherehani. Hakumkuta kwake, akaja kumsubiri kwetu na mkungu wa ndizi begani.

Nikaviacha vitunguu kwenye mizani.

Siku chache kabla, jirani huyo alikaa nami nikamrekodi. Nakusanya masimulizi ya wanawake waliohamishwa na mafuriko. Katikati ya maneno alinieleza jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu: hatarudi Ozi kulima shamba la marehemu mumewe. Atabaki hapa na cherehani yake. "Wakwe zangu wasilisikie kwako wala kwa mtu mwingine," alisema. "Nitawaambia kwa mdomo wangu."

Sauti hiyo ilikuwa ndani ya kompyuta yangu, katika folda niliyoiacha wazi kwa simu zote zinazotumia waifai yetu ili niweze kusikiliza nikipika.

"Mama, kompyuta imefunikwa?"

"Imefunikwa. Imelala."

"Ile taa ya ubavuni inapepesa?"

Nilisikia ndara zake zikiburuzika sakafuni. "Haipepesi. Inawaka tu, imetulia."

Basi ilikuwa macho. Ikilala, taa hupepesa, na simu haiwezi kuifikia. Lakini asubuhi nilikuwa natuma picha, mtandao ukijikokota, nikaiagiza isilale hata nikiifunika. Sikuirudisha ilivyokuwa.

"Mgeni anafanya nini?"

"Anatafuta kaswida kwenye simu. Anasema nyumba hii ina redio yake, imejaa wanawake wanaosema."

Nilikuwa tayari natembea. "Chomoa kile kisanduku cha waifai."

"Nimkatie mgeni, kikombe kiko mdomoni?" alinong'ona. "Wewe ulilelewa wapi?"

"Basi bonyeza kitufe cha kuwashia kompyuta. Kishikilie mpaka taa izimike."

Nilisikia pumzi zake, na nyuma yake sauti ya mwanamke niliyoijua.

Sauti ikakatika.

"Imezimika," mama alisema. "Nimeibana kama namnyonga kuku."

Nilifika nimelowa jasho. Mgeni alikuwa mkekani, simu mkononi, akinitazama kwa upole ulionitia wasiwasi zaidi.

"Dada, redio yenu imekatika. Nilikuwa namsikiliza shemeji yangu."

"Alikuwa amefika wapi?"

"Alisema lile shamba analipenda, lakini. Hapo ikakata."

Nilibadilisha nenosiri kabla ya kunywa maji. Mama alinikazia macho, kwa sababu sasa alichokikariri hakikufaa kitu. Kisha nikatoka kumtafuta jirani. Nilikutana naye njiani akitoka kupeleka nguo za mteja, nikamweleza yote, tangu folda mpaka taa.

Hakunilaumu. Aliuliza swali lile lile nililouliza mimi.

"Nilikuwa nimefika wapi?"

"Kwenye lakini."

Alicheka kidogo kwa pua, akashika njia ya kwetu. Nilimfuata nyuma. Aliingia, wakaamkiana, wakaulizana habari za mto, za mpunga, za watoto wa dada mkubwa. Mama akammiminia chai. Mimi sikuweza kukaa. Nilisimama karibu na meza, nikaitazama ile taa, ingawa nilijua imezimika.

"Shemeji," mgeni akasema hatimaye, "ile redio ilituachia hapo. Lakini nini?"

Jirani aliweka kikombe chini, akajifunga mtandio vizuri.

"Lakini sirudi," alisema, akaendelea pale pale alipokuwa ameachia.