Mkoba Juu ya Kabati

Ningesema hapana, Seif angeondoka na mkoba wake na mimi nisingekuwa na la kuandika. Nilisema, "Niachie, mwanangu." Sikumuuliza una nini ndani.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Mke wangu, Zuhura, alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, na Mwende anamkanda. Mwende alikuwa mwanamke wa Machakos aliyeletwa kwetu na kampuni ya kuhudumia wagonjwa majumbani, kwa sababu sukari ilikuwa imekwisha kumharibu Zuhura miguu. Mimi nilikuwa jikoni nikitenganisha taka. Kaunsili ya mtaa ilikuwa imetubandikia onyo ndani ya lifti: plastiki ikichanganywa na mabaki ya chakula, mapipa ya jengo zima hayachukuliwi. Nilikuwa na hakika mkosaji ni jirani wa chini, na nilikuwa nikimvizia.

Ndipo Seif akabisha hodi. Ni mtoto wa marehemu Khamis, rafiki yangu niliyehama naye Unguja na kuja London tukiwa vijana. Seif alikwisha kuwa mtu mzima, ana gari lake la kupeleka mizigo.

"Shikamoo, Ami. Naomba uniwekee amana. Nahama chumba, na wenzangu wale si watu."

"Marahaba. Niachie, mwanangu."

Lazima nieleze hapa, maana wazungu wa mahakamani nao waliniuliza. Nilikuwa mtoto wakati wa Mapinduzi. Majirani waliokimbia waliacha masanduku yao kwa baba yangu, na watu wenye bunduki walipopita nyumba kwa nyumba, baba alisimama mlangoni akasema ni ya kwake. Hakuyafungua hata moja. Miaka baadaye binti wa jirani mmoja alirudi, akakabidhiwa sanduku la mama yake, kufuli limeota kutu. Nililishuhudia hilo. Nyumbani kwetu kufungua amana ya mtu kulikuwa kubaya kuliko wizi, na kuuliza ndani kuna nini kulikuwa karibu sawa na kufungua.

Zipu ya mkoba wa Seif ilikuwa imeharibika. Nikaufunga ndani ya kikoi changu cha buluu ili usiingie vumbi, nikaupandisha juu ya kabati la chumbani, kati ya masanduku yetu ya safari.

Haukupita muda vita vikaanza. Sisi wakaazi tuliviita hivyo, ingawa polisi walisema "matukio". Walikuwa ni watu wa upande wetu wa barabara kuu na watu wa upande wa pili. Wengine walisema wanagombea biashara ya dawa za kulevya, wengine walisema ni tusi lililotumwa kwa simu. Mimi mpaka leo sijui. Risasi za kwanza zilivunja kioo cha kinyozi chini ya jengo letu, adhuhuri, mteja yuko kitini.

Nilikuwa nimesimama nje na mfuko wa mkate. Nililala chini kabla sijafikiri. Mwili ulikumbuka wenyewe.

Baada ya hapo ilikuwa ni amri juu ya amri. Tangazo la polisi lilisema yeyote eneo lile anaweza kusimamishwa na kupekuliwa bila kuelezwa sababu. Basi letu likabadilishiwa njia, likarudishwa, likabadilishiwa tena. Utepe wa polisi ulifungwa kwenye lango, ukafunguliwa, na tukaulizwa anuani zetu wenyewe kabla ya kupanda kwetu. Majirani tuliokuwa tukigombana kwa ajili ya mapipa tulianza kuangaliana mikono kwanza, nyuso baadaye. Nilimshuku mtoto wa jirani wa chini. Nilimshuku fundi wa lifti. Seif peke yake sikumshuku, kwa sababu nilimjua baba yake.

Zuhura alikuwa na akili kuliko mimi.

"Baba Salma, mkoba ule mzito," aliniambia. "Mwende aliusogeza kupangusa vumbi, akaurudisha mbio."

"Amana ya mtu, Zuhura."

"Ufungue."

"Sifungui."

"Basi mrudishie mwenyewe leo hii."

"Ni mtoto wa Khamis."

"Khamis namjua. Huyu simjui." Alinikazia macho. "Likimfika jambo mtu wa nyumba hii, sitamuuliza Seif. Nitakuuliza wewe."

Siku hiyo nilipanda kwenye kiti nikaupapasa juu ya kikoi. Kilikuwa kitu kigumu, chenye mpini uliopinda. Nikaondoa mkono haraka. Mahakamani nilisema sikujua. Nilijua.

Tena nilipewa njia ya kutokea. Kwenye duka la dawa, ninapochukulia dawa za Zuhura, palikuwa na tangazo jipya: kwa majuma machache mwenye silaha angeweza kuipeleka kituo cha polisi na asiulizwe kwa nini alikuwa nayo. Nililisoma mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Nikajiambia huo ni mtego, kwamba watakupiga picha ukiingia na kukufuata ukitoka. Na juu ya hilo nilijiambia amana hairudi kwa polisi, inarudi kwa mwenyewe. Nikachukua dawa nikaenda zangu.

Asubuhi iliyofuata Mwende alinitania huku anamvalisha Zuhura soksi.

"Mzee, hii mzigo ya juu ya kabati ni ya nani? Ni nzito kama jiwe ya kusaga. Ama umeficha dhahabu ya Sultani?"

"Ingekuwa dhahabu ningekuwa bado nakula mkate wa jana?"

"Wazee wa Zanzibar mko na siri nyingi," akasema, akacheka.

Mimi sikucheka. Nilikumbuka kwamba wahudumu wana sheria yao: wakiona kitu cha hatari ndani ya nyumba, lazima waripoti. Nikaanza kuiangalia simu yake kila alipoishika. Aliandika nini? Kwa nani? Huyu mwanamke aliyekuwa akimkata mke wangu kucha, nikamfanya mpelelezi.

Nikampigia Seif. "Njoo uchukue kitu chako."

"Kesho asubuhi, Ami."

Asubuhi ndiyo ilikuwa zamu ya Mwende. Sikutaka amwone. Nikapiga simu kwenye kampuni yao nikaomba kesho aje alasiri, kwa kuwa mke wangu hulala asubuhi. Uongo mtupu. Baadaye Mwende aliniletea ujumbe wa sauti: "Sawa mzee, nitakuja na basi ya alasiri. Mwambie mama asikule ile halua, najua imefichwa wapi."

Seif alikuja mapema, amevaa kofia mpaka machoni. Nilimkabidhi mkoba kama ulivyokuwa.

"Na kikoi chako, Ami?"

"Nenda nacho. Utanirudishia."

Nilihisi wepesi. Nasikia haya kuandika hivyo, lakini nilihisi wepesi, nikajipikia chai.

Alasiri Zuhura alikuwa dirishani akimsubiri Mwende. Basi lilisimama ng'ambo ya barabara.

"Huyo kaja," akasema.

Mwende alishuka. Zuhura akampungia mkono. Mwende akaangalia juu, akainua wake.

Milio ikafuatana, mikavu, kama mtu anayepasua mbao.

Watu wakalala. Gari likaondoka kwa kasi.

Mwende akakaa chini ukingoni mwa barabara, taratibu, kama mtu aliyechoka. Kisha akalala ubavu.

Lifti ilikuwa mbovu. Niliposhuka ngazi zote, utepe ulikuwa umekwisha kufungwa. Polisi kijana alininyooshea kiganja: hakuna kutoka, hakuna kuingia. Nikamwambia yule ni mtu wetu. Akasema anasikitika, ndiyo taratibu. Nilisimama nyuma ya utepe. Zuhura alibaki juu, peke yake, na dirisha lake.

Seif alikuwa akimlenga mtu mwengine. Alikamatwa, na ndani ya gari lake palikuwa na bastola na kikoi cha buluu. Askari wapelelezi walikuja kwetu na picha. Wakaniuliza kama nakitambua kitambaa kile.

"Ni chake," Zuhura akawajibu. "Nilimnunulia mimi."

Sheria ya hapa haijali kama ulifungua mkoba au hukufungua. Kuwa nao ndani kunatosha. Jaji aliangalia umri wangu na ugonjwa wa mke wangu, akanipa kifungo ambacho sitakaa ndani isipokuwa nikosee tena. Seif aliwaambia sikujua lolote. Niliuacha uongo huo usimame, nikarudi nyumbani.

Wakenya wenzake walichanga pesa maiti ya Mwende isafirishwe kwao. Nilikwenda kwenye kanisa walikokusanyika, nikakaa nyuma. Kaka yake alinipa mkono, akaniuliza mimi ni nani wake.

"Alikuwa akimhudumia mke wangu," nikasema. Jibu lilikuwa la kweli, na halikutosha.

Sasa Zuhura nilikuwa nikimkanda miguu mimi. Siku moja, nikimwekea beseni, akasema, "Mwende alikuwa mtu wa asubuhi. Nani aliyembadilishia saa?"

Nikamwambia yote: mpini niliouhisi, tangazo la duka la dawa, simu niliyopiga. Akatoa miguu yake kwenye maji, akaifuta mwenyewe, kwa shida, akakataa mkono wangu. Akamwita binti yetu Salma aje kutoka Ilford na gari. Alichukua dawa zake na kile kiti.

Kila Jumapili napanda treni kwenda Ilford. Salma hunifungulia, hunisemesha kwa Kiingereza kama ninavyosemeshwa benki, hunipa chai. Chumba cha pili mlango umefungwa. Namsikia Zuhura akikohoa.

Niliirudisha amana kwa mwenyewe kama nilivyofunzwa. Ilinigharimu maisha ya Mwende, ambayo hayakuwa yangu ya kutoa. Na ilinigharimu mke wangu, ambaye yu hai, na hataki kuniona.