Ukumbi Usiokuwepo

Nilipokuwa nafundisha kutengeneza tovuti pale Goba, kwenye chumba cha nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, sikutaka wanafunzi wangu waishie kwenye mazoezi ya vitabuni. Nilimwambia kila mmoja abuni biashara, aitengenezee ukurasa na auweke mtandaoni kabisa, auone kwenye simu yake kama watu wengine wanavyouona.

Mkubwa wao kwa umri alikuwa mama mmoja wa Madale, mwalimu mstaafu wa jiografia. Mie namwamkia shikamoo, yeye ananiita mwalimu. Alibuni ukumbi wa harusi: viti mia tatu, jenereta, maegesho, na fomu ya kuomba nafasi. Kwenye anwani akaweka ya darasa letu, maana hakupenda kusema uongo.

Jumamosi moja asubuhi ikaingia kamati ya harusi kutoka Kigamboni, watu watano. Mwenyekiti wao, mzee wa kanzu na koti, alitazama kompyuta zetu sita, kisha akatazama dari.

"Tumekuja kukagua ukumbi," akasema.

Nikamweleza taratibu kwamba ukumbi ule haupo, ni zoezi la wanafunzi.

"Haupo vipi, na fomu tumeshajaza? Ikatujibu kabisa: asante, tumepokea."

Mama akanyoosha mkono. "Mwalimu, kumbe inafanya kazi."

Nilikuwa natafuta maneno ya kuomba radhi, lakini mzee alikuwa na lake. "Fomu yenyewe ina kasoro. Inakataa wageni wakizidi mia tatu. Sie tuko mia tatu na arobaini."

Mama akairekebisha palepale, kamati nzima imesimama nyuma ya kiti chake. Mzee akajaza upya, ikakubali. Nikajikuta nampongeza mama mbele yao.

Walipoondoka nikamwambia aandike juu kabisa, kwa herufi nyekundu: UKUMBI HUU HAUPO. Akaandika. Kufikia Jumatatu yalikuwa yameingia maombi mengine mawili. Mwombaji mmoja aliuliza kama Januari ukumbi utakuwepo.

Mama aliyasoma mara mbili, akavua miwani. "Mwalimu, mie nina uwanja mkubwa nyumbani." Akampigia mzee, akamtumia na picha ya uwanja.

Harusi ikafanyika Madale, kwenye mahema, juu ya mteremko. Nilialikwa. Sahani ya pilau niliishika mkononi muda wote, kwa kuwa mezani ilikuwa inateleza. Nilimsikia mzee akimwambia jirani yake kwamba kwenye simu uwanja ulionekana tambarare.