Hadidja na Jicho Linaloingia Mtutuni

Ukimkuta mtu hapa Kisangani anajisifu kwamba ndiye aliyempa Hadidja binti Abdulhamid kamera yake, muulize jina. Kama haitwi Ruffin, huyo anakudanganya. Kamera ilikuwa yangu. Mimi ni fundi wa malori, shule niliiacha mwaka wa tano primaire, na bado maingenieri wenye diploma wananiita tonton, yaani mjomba, mota ikiwashinda. Kamera yenyewe ni uzi mweusi kama nyoka mdogo. Kichwani ina taa na jicho dogo kuliko punje ya mahindi, na mkia wake unauchomeka kwenye simu. Nilikuwa naiingiza ndani ya mota za malori ya Bafwasende nione nini kimekula pistoni. Hadidja akaiona, akaiomba kwa siku mbili. Huu sasa ni mwaka wa tatu.

Baba yake, Muzee Abdulhamid, anatengeneza bunduki za wawindaji pale Kabondo, kama baba yake na babu yake. Wana wake wawili waliikataa kazi. Mmoja anauza simu, mwingine yuko Kinshasa anafanya biashara ambayo hata yeye hajui kuieleza. Alipoanza Hadidja kushika tupa, mtaa ulicheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote, sifichi. Nilimuuliza ni mwanaume gani ataoa mwanamke anayenuka baruti. Mwaka uleule aliolewa na mwalimu, na harusini akanitumia sahani yenye mifupa mitupu. Ndivyo alivyo. Akisemwa anaendelea kusugua, jibu utalipata baadaye.

Karakana yao ina sheria moja ya tangu babu: fundi akisema bunduki ni nzima, risasi ya kwanza anaipiga yeye mwenyewe, shavu juu ya mti, yaani kitako cha bunduki, mwenye bunduki akitazama. Ulimi peke yake hautoshi. Muzee ameweka shavu lake miaka arobaini na bado analo, lote.

Shida ilikuwa macho. Ukungu ulikuwa umeyaingia, mwaka mmoja kidogo, uliofuata zaidi. Bado aliinua mtutu kuelekea mlangoni, akachungulia, na akiona ndani kunang'aa anasema safi. Sisi wote tulijua, tukanyamaza. Nani atamwambia? Hadidja alipata njia yake. Kila baba alipokwenda msikitini, alitoa kamera kwenye kopo la maziwa alimoificha, akapitisha uzi katika kila mtutu ambao mzee amekwisha kuusifu. Palipobaki masizi ya baruti, alisukuma kitambaa tena kwa ufito, kutoka nyuma kwenda mbele, halafu akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Baba hakujua. Mimi nilijua, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikusema kitu.

Bon. Msimu wa mvua ulipokwisha, akaja Félicien, mwindaji wa Bafwasende, na bunduki ya marehemu baba yake pamoja na kibali chake. Pikipiki ilikuwa inamngoja nje, alitaka kurudi siku ileile. Mzee akainua mtutu mlangoni. Akatabasamu. Akasema ndani kunang'aa kama jino la bibi harusi, twende karieri tukaipige. Karieri ni lile shimo la zamani la mawe ambako wana ruhusa ya kujaribia bunduki.

Safari hii hapakuwa na msikiti katikati. Hadidja akasema aipanguse kwanza vumbi la njia. Akatugeuzia mgongo, akatoa kopo. Nilikuwa nimekaa pale nakunywa chai yao, nikaona kwenye simu yake rangi nyekundu, mtutu mzima mwekundu. Nikadhani kutu. Yeye akavuta uzi, akanusa kichwa cha kamera.

Ilikuwa mawese. Félicien alikuwa ameipaka bunduki mawese ili mvua isiile, kama mama yake anavyopaka kisu. Lakini mawese yakikauka juu ya chuma yanashika kama vernis, ile rangi ya kung'arisha mbao, na vernis inang'aa. Ndiyo iliyomng'alia mzee.

Hadidja akalowesha vitambaa kwa petroli ya taa. Cha kwanza kikatoka chekundu, cha nne kahawia, cha tisa cheupe. Akaingiza kamera tena. Sasa mifereji ya ndani ilionekana vizuri, inazunguka kama ngazi. Kiganja kimoja kabla ya mdomo, ngazi ikakatika. Palikuwa na duara jeusi, chuma kimevimba, na kutoka pale ufa mwembamba kama unywele.

Nyuma yetu mzee alikuwa amekwisha kuvaa kofia yake. Alikuwa anamwambia Félicien kwamba shavu la kwanza ni lake, hata kama moto wa jehanamu ungekuwa humo.

Nilimtazama Hadidja. Akinyamaza, ule ufa utamfungukia baba yake usoni. Akisema, anamvua jina mbele ya mgeni. Mikono yake ilikuwa imeushika ule uzi kama mtu aliyeshika kuku wa kuchinja.

Akaenda kwa baba yake, akapiga goti, akamwinulia simu.

"Papa, nisaidie. Kuna kitu hapa ndani sikijui."

Mzee akasema hiyo si dawa ya malori ya Ruffin? Hata hivyo akaishika. Akaisogeza mpaka pua ikagusa kioo. Ile taa ni kali, na picha ni kubwa.

"Ndani iko vile?" akauliza polepole.

"Iko vile, papa."

Miaka arobaini alichungulia mwanga mwisho wa shimo. Mifereji yenyewe hakuwahi kuiona hivyo, hata alipokuwa na macho. Akamwambia asukume. Asukume tena. Arudishe. Kidole chake kikasimama juu ya kioo.

"Wewe Félicien," akasema bila kugeuka, "nani alipiga hii bunduki na udongo mdomoni?"

Félicien akainamisha kichwa. Alikuwa ameanguka kwenye kijito, mdomo wa bunduki ukachota matope, naye nguruwe alikuwa karibu, mwindaji hakungoja kuusafisha.

Mzee akavua kofia. "Nilisema ni nzima. Nilikosea. Lete msumeno." Akaukata ule mtutu kwa mkono wake mwenyewe pale penye ufa, ili asiwepo mwingine wa kuuamini, na Félicien akaondoka na mti tu, wa baba yake, akiubeba kama mtoto.

Alasiri yote mzee alimfanya Hadidja aingize kamera katika kila mtutu uliokuwa ukutani. Mitatu ya kwanza ilikuwa safi kuliko macho yake yalivyoweza kuisafisha. Kwenye wa nne, akiwa bado na kioo puani, akauliza ni tangu lini binti alikuwa anapita nyuma yake.

"Huu ni mwaka wa tatu, papa."

Nikajua sasa kutawaka. Mzee akafikiri. Akauliza ni mingapi aliyoikuta michafu. Hadidja akasema hakuhesabu. Mzee akajua kwamba amehesabu, na hakuuliza tena.

Ijumaa iliyofuata walikwenda karieri na bunduki ya mtu mwingine. Mzee aliikagua kwanza, kwenye kioo, kutoka nyuma mpaka mdomoni. Halafu akampa binti yake, akampangusia mti kwa kanzu yake mahali pa kuweka shavu.